Azimio Lililofika Kabla ya Kikao

Wanangu mnaofanya kazi za ofisi siku hizi, mkinisalimia kwa mkono mtagundua kidole changu cha pete cha mkono wa kulia kina sugu. Msidhani ni jembe. Ni herufi "o". Nimegonga taipureta ya chuma miaka ishirini na ushee, na herufi hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Ukiigonga kwa nguvu juu ya stensili inakatika duara zima, na ukija kurudufu karatasi inatoka na madoa meusi kama imenyewa na nzi. Ukiigonga kwa upole haitokei kabisa. Basi unatafuta katikati, na katikati huwa padogo.

Jina langu Zuhura. Mimi ni Mrangi wa milimani Kondoa, lakini ugali wa uwele na mlenda wa Wagogo umenilea utu uzima wangu wote. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya chama, ngazi ya wilaya, hapahapa Dodoma. Chama gani, msiniulize. Miaka hiyo vyama vilikuwa vimeshakuwa vingi, maduka ya ushirika yamekufa, mitumba imejaa gulioni, na kila mwenye lori ameitwa mfanyabiashara. Kila chama kilikuwa na taipureta yake na mpiga chapa wake, na nadhani dhambi zetu zilifanana.

Niwaeleze stensili, maana mnanitazama tu. Ni karatasi laini yenye nta. Unatoa utepe wa wino kwenye mashine, herufi zinagonga zikiwa tupu na kutoboa ile nta. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unagonga tena. Halafu unaivisha kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono, wino unapenya matundu, nakala zinatoka. Umeme ulikuwa unatoka bwawa la Mtera na kupita juu ya paa letu kwenda kwingine, sisi tukazungusha kwa mkono. Bega langu hili mpaka leo linajua mvua inakuja kabla ya redio kusema.

Aliyenifundisha ni Mzee Yohana, mwandishi wa vikao, Mgogo mrefu mwembamba, mwenye penseli sikioni hata kanisani. Yeye aliandika kwa mkono, mimi nikapiga. Na alinifundisha siri moja ambayo leo naisema kwa mara ya kwanza, kwa kuwa pensheni yangu haiwezi tena kupunguzwa. Muhtasari wa kikao cha Jumamosi, mimi niliupiga Alhamisi.

Naam. Kabla ya kikao. Gari la kupeleka karatasi ngazi ya juu lilipita Jumamosi jioni, na halikumngoja mtu. Kwa hiyo Katibu alikuja na maazimio mfukoni, Mzee Yohana akayapamba kwa "wajumbe walijadili kwa kina", mimi nikapiga, tukaacha nafasi ya mahudhurio tu. Nilipomuuliza siku za mwanzo kama si dhambi, alicheka. "Zuhura binti yangu, wajumbe wanakuja kusikiliza na kula wali. Watakayosema nayajua kuliko wao."

Iliwahi kutuumbua mara moja. Tulipiga muhtasari ambamo mzee mmoja wa kata ya mbali ameunga mkono hoja kwa maelezo marefu, kumbe yule mzee alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma. Mjane wake alikuja ofisini akiwa ameshika karatasi, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu, alisema nini kingine?" Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mnadhani tuliacha? Hatukuacha. Tulianza tu kuuliza nani amekufa.

Sasa nije kwa mbunge wetu. Nitamwita Ndugu Mchiwa. Alikuwa mwalimu zamani, mtu mpole, suti moja ya kijivu, sauti ya chini mpaka unamsogelea. Katika bunge lao kulikuwa na kikundi cha wabunge wachache wa chama chetu wenyewe, watu wa katikati, si wakali wala si wa kusema ndiyo kwa kila kitu. Wakaandika barua kuwahoji viongozi wa chama chao. Redio ikatangaza kwa sentensi mbili kwamba wabunge kadhaa wamepinga uongozi, jina la Mchiwa likiwemo, ikaendelea na salamu za wasikilizaji.

Weee! Matawi yaliwaka moto. Barua zilikuja kwa mikono, kwa baiskeli, kwa malori ya mahindi, na zote nilizipiga mimi. "Tulimtuma akatusemee, hatukumtuma akawaseme wakubwa wetu." "Wapinzani wanatucheka gulioni." "Si moto si baridi, ni vuguvugu, atapikwe." Aliyeandika hiyo alitaka kusema atemwe kama matapishi, Biblia inavyosema, lakini mimi Mwislamu niliona mtu anatakiwa apikwe, achemshwe jikoni, nikacheka peke yangu.

Msifikiri walikuwa wajinga. Walikuwa na uchungu wa kweli. Siku moja alikuja ofisini mama mmoja mzee, Bibi Mbeleje, mjumbe wa kijiji kimoja cha upande wa Mtera. Miguu ina vumbi hadi magotini. Alikaa chini, akakataa kiti.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo bibi. Karibu."

"Marahaba. Andika. Huyu mtoto Mchiwa atoke."

"Kwa sababu gani niandike, bibi?"

"Pampu ya kisima chetu imekufa. Tumeahidiwa nyingine na wakubwa. Sasa Katibu wenu anasema pampu zinakwenda kwa watu wanaoelewana na wakubwa. Huyu amekwenda kuwatukana. Mimi nachimba mchanga mtoni nipate ndoo moja. Andika atoke. Na siku ya kikao nitakuja nimwambie mwenyewe, usoni. Usimwandikie mwingine neno hilo. Ni langu."

Niliandika. Alipoondoka nilimwonea huruma, na Mchiwa nilimkasirikia hata mimi. Kwa nini hakuja kuwaeleza watu? Sheria ilikuwa wazi: akivuliwa uanachama, ubunge nao umekwenda, na mwalimu wetu anarudi kwake na suti yake ya kijivu.

Kikao kikaitishwa. Ijumaa Katibu alinikabidhi kazi mbili. Ya kwanza ni kabrasha la wajumbe: ajenda na taarifa ya wilaya, kurasa tatu. Ya pili, ukurasa mmoja wa azimio, uingie kwenye bahasha ya kaki, usionekane mpaka mwisho. Namwita Katibu tu, kwa sababu ana wajukuu mjini humu na hakuwa mtu mbaya. Presha ilikuwa imempanda kwa simu za kutoka juu. "Zuhura," aliniambia, "hili likienda vizuri nalala."

Mnajua kupanga kabrasha kwa mkono? Unaweka mafungu ya kurasa kwenye meza ndefu, unaizunguka kama mtu anayetwanga, unaokota moja moja, ukifika mwisho unabana pini. Miaka yote makabrasha yetu yalikuwa ya kurasa nne. Mwili wangu ulijua nne. Nilirudufu vyote, nikaviweka mezani vikauke wino, nikaanza kuzunguka huku nafikiria mambo yangu ya nyumbani. Moja, mbili, tatu, nne, pini. Nilimaliza, nikayatazama, nikajisifu kwa usafi wa kazi. Hata "o" zote zilikuwa nzuri! Fungu lililobaki mezani, nikidhani ndilo azimio, nikalitia kwenye bahasha ya kaki na kuifunga gundi bila kutazama; kumbe zilikuwa karatasi tupu za akiba.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Wajumbe walitoka kila kata, wengine wameondoka kwao alfajiri. Ndugu Mchiwa alikaa benchi la pembeni peke yake, na hakuna aliyetaka kukaa naye, kama vile ana upele. Nilimwona anakunja na kukunjua karatasi mkononi. Mwenyekiti alifungua kikao, tukaimba, Katibu akaanza kusoma ajenda. Mimi nilikaa nyuma ya Mzee Yohana, tayari kwenda kusimamia wali.

Bibi Mbeleje hakujua kusoma. Pembeni yake alikaa mwalimu mmoja kijana, naye akawa anamsomea taratibu. Walipofika karatasi ya mwisho yule mwalimu akanyamaza.

"Soma," alisema bibi.

"Hii... bibi, hii nadhani baadaye."

"Imo kwenye karatasi zangu au haimo? Soma. Na upandishe sauti, masikio yamezeeka."

Mwalimu akasoma. Katibu alikuwa amefika ajenda ya pili, akanyamaza naye, kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa umegeukia kule. "Baada ya mjadala mrefu na wa kina, wajumbe wote kwa kauli moja waliazimia kupendekeza Ndugu Mchiwa avuliwe uanachama. Kikao kilifungwa saa tisa alasiri."

"Saa ngapi sasa?" aliuliza bibi.

"Saa nne na nusu asubuhi."

Watu walicheka. Kicheko kikubwa, cha mabega. Mimi sikucheka. Niliona vidole vyangu vinapapasa ile bahasha ya kaki iliyofungwa gundi, na ndipo nilipojua nimefanya nini. Karatasi zikaanza kufunguliwa ukumbi mzima, shwaa, shwaa, kila mmoja anatafuta ukurasa wa nne. Kicheko kikafa chenyewe.

Bibi Mbeleje akasimama. Alikuwa mfupi, lakini siku ile sijui urefu ule aliutoa wapi.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi nimekuja kumfukuza huyu mtoto. Sikuja kumwonea huruma. Nimetembea na giza nije nimfukuze kwa mdomo wangu. Sasa nakuta nimeshamfukuza. Nani kanifukuzia?"

Aliinua kabrasha lake juu, watu wote walione.

"Mnasema nimejadili. Nimejadili lini, nikiwa njiani? Hasira hii ni yangu. Nimeibeba toka kwangu. Mtu anaichukuaje hasira yangu anaitumia kazi yake, bila kuniomba?"

Nilikuwa nimepiga mihtasari ya vikao vyote vile, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba zile "kauli moja" zangu zilikuwa za watu, kwamba mtu anaweza kuja kuidai yake.

Katibu aligeuka. "Nani amepanga makabrasha haya?"

"Ni mimi, Ndugu Katibu," nilisema.

"Kusanya ukurasa wa nne. Wote!"

Nikaanza safu ya mbele. Nilifika kwa Bibi Mbeleje wa kwanza, nikanyoosha mkono. Akanitazama, akaichomoa ile karatasi kwenye pini, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Nikaenda kwa mwalimu. Naye akaikalia. Wa tatu akaikalia. Safu nzima nilikwenda mkono umenyooka kama ombaomba, na wanaume kwa wanawake wakawa wanainuka kidogo na kukaa. Mwisho nilisimama katikati ya ukumbi sina hata karatasi moja, na hakuna aliyecheka. Hata wale waliomchukia Mchiwa kuliko wote walikuwa wameikalia.

Mwenyekiti, mzee asiyependa ugomvi, alikohoa. "Ndugu Katibu, tuache. Mbunge asimame, aseme."

Mchiwa alisimama, akafungua ile karatasi aliyokuwa akiikunja. Ilikuwa nakala ya barua yao, na ndipo nilipojua kwamba katika sisi sote, mimi niliyepiga barua zote za kumlaani nikiwa wa kwanza, hakuna aliyewahi kuisoma. Haikuwa na tusi. Uongozi ulikuwa umeamua maghala ya vijiji yauzwe haraka kwa wafanyabiashara, na wale wabunge walisema biashara hawaikatai, ila wenye maghala waulizwe kwanza. Basi. Waliwataja na viongozi wao kwamba wamekata shauri bila kuuliza. Alisoma kwa sauti yake ile ya chini, hata sufuria za wali kule nje tulizisikia.

"Ghala letu limo?" aliuliza Bibi Mbeleje.

"Limo, mama."

"Tulilijenga kwa mikono. Nilibeba mawe nina mimba."

"Najua, mama."

"Unajua! Ulijua, ukakaa huko na ujuzi wako? Mimi nikusikie redioni, kama msiba wa mtu wa mbali? Ulishindwa nini kuja kukaa pale kwangu ukaniambia, mama, nakwenda kugombana na wakubwa, pampu inaweza isije?"

Mchiwa angeweza kusema safari, kazi, barabara mbovu. "Niliogopa," alisema. "Wao sikuwaogopa. Niliwaogopa ninyi. Niliogopa mtaniambia niache."

"Tungekuambia uache."

"Ndiyo maana, mama."

"Basi hapo ndipo ulipotukosea. Barua ile sina ugomvi nayo."

Walibishana mpaka jua likapita utosini. Sikuwahi kusikia kikao kama kile. Wengine walisimama wakasema bado atoke, chama hakiendeshwi na watu wa vuguvugu, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Pampu haikuwa jambo la mchezo. Wali ulipoa na hakuna aliyeuliza. Mzee Yohana, mbele yangu, alikuwa anaandika ameinamia daftari, anachonga penseli kwa wembe, anaandika tena. Walipopiga kura kwa mikono, waliotaka abaki walizidi, lakini si kwa wingi wa kujivunia. Akapewa onyo kali, na akaamriwa azunguke kata zote aeleze mwenyewe.

Katibu akasema muhtasari utaandaliwa Jumatatu.

"Aa aa," alisema Bibi Mbeleje. "Ule wa uongo mliuwahi. Huu wa kweli nao muuwahi. Tunangoja."

Na wakangoja! Walikula wali wa baridi, wakatufuata ofisini, wakakaa kwenye ngazi na kwenye vumbi la uwanja, watu wenye mwendo wa saa nyingi kurudi kwao. Mimi na Mzee Yohana tukaingia ofisini. Alifungua daftari, akaniambia, "Zuhura, leo nimeandika vitu ambavyo sikuvijua." Akanisomea, nikagonga. Hakuna mtu aliyewahi kuyangojea maneno yangu kabla ya siku ile. Kila nikigonga mstari nilisikia wanatulia kule nje, na nikaona haya na fahari kwa pamoja, machozi yakadondokea stensili, nikapaka dawa nyekundu na kuendelea.

Kabla sijarudufu, mwalimu aliwasomea barazani, neno kwa neno. Alipofika "Bibi Mbeleje alichangia kwa msisitizo," bibi akainua mkono.

"Ndiyo nini hiyo?"

Nilimweleza kwamba kiofisi ndivyo tunavyoandika mtu akiwa amekasirika.

"Andika nilikasirika."

Nikafuta, nikaandika alikasirika. Mzee Yohana alitingisha kichwa, lakini hakunizuia. Nikarudufu, wajumbe wakatia saini, wasiojua kuandika wakachovya kidole gumba kwenye wino wangu wa kurudufu. Wino ule hautoki kwa siku tatu, niliwaambia, na hawakujali. Katibu alizipokea zile karatasi zilizojaa alama za vidole, akazitazama sana. Angeweza kuzichana. Alizitia kwenye bahasha, akalisimamisha gari barabarani kwa mkono wake mwenyewe.

Mwezi uliofuata nilihamishwa. Adhabu, nipelekwe mbali, wakanipeleka Chemba, kwa taipureta isiyo na utepe. Waliosaini uhamisho hawakujua kwamba Chemba ni njia ya kwenda kwetu Kondoa. Mama yangu alinichinjia kuku. Mchiwa alimaliza kipindi chake, maghala mengine yaliuzwa, mengine hayakuuzwa. Na pampu haikuja mwaka ule. Haikuja na wa pili.

Nilikutana na Bibi Mbeleje gulioni siku moja, kichwani ana ndoo, amekonda. Roho iliniuma. Kosa la pini lilikuwa langu, na yeye ndiye aliyekuwa akichimba mchanga. Nikamtua ile ndoo, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama hajutii.

Alinishangaa kweli. "Mwanangu," alisema, "maji nimeyafuata mbali tangu nizaliwe. Kuulizwa, nilikuwa sijawahi. Siku ile niliulizwa." Kisha akaniomba nimsaidie kujitwika, maana ilikuwa bado safari.